Chupa Zinazongoja Siku Tatu

Sisi tunaofanya kazi katika farmasi ya hospitali huulizwa mara nyingi swali moja: «Dawa mmekwisha kuitengeneza, chupa twaziona zimepangwa, mbona hamzitoi?» Swali hilo ni la haki, kwani penye mgonjwa hakuna apendaye kungoja. Basi leo twataka kuwaelezeni kwa nini dawa iliyokwisha kutengenezwa haijawa dawa bado.

Si dawa zote zinazotoka kiwandani. Tutazame dawa ya kusafishia mikono ya waganga na wauguzi. Katika mwongozo wake wa mwaka 2009, Shirika la Afya Duniani lilieleza namna ya kuitengeneza hospitalini. Kwa litri 10 twatia alkoholi ya 96 kwa mia, mililitri 8333. Maji ya oksijeni ya 3 kwa mia, mililitri 417. Gliserini, mililitri 145. Kisha twajaliza kwa maji yaliyochemshwa na kupoa. Alkoholi huua vijidudu; gliserini huilinda ngozi isikauke na kupasuka.

Na maji ya oksijeni ni ya nini? Viko vijidudu vinavyojifungia ndani ya ganda gumu, kama mbegu ingojayo mvua, alkoholi haiviwezi. Vyaweza kuingia pamoja na alkoholi yenyewe, au vikawa vimo chupani tangu mwanzo. Maji ya oksijeni huviua, lakini polepole. Ndiyo sababu chupa hufungwa na kuwekwa kando saa 72. Siku tatu hizo si uvivu wetu: ndani ya chupa kazi ingali yaendelea.

Tena twapima nguvu ya dawa. Chombo chembamba cha kioo huelea ndani yake: kwa kuwa alkoholi ni nyepesi kuliko maji, penye alkoholi nyingi chombo huzama zaidi. Chapasa kuonyesha 80 kwa mia. Kikipungua chini ya 75 au kikipita 85, dawa haitoki. Mwuzaji akiichanganya alkoholi na maji, jicho halitambui, kipimo hutambua.

Lakini ziko dawa zisizotaka kungoja. Wakati wa Ebola ya Kivu ya Kaskazini na Ituri, kutoka mwaka 2018 hata 2020, watu wengi walinawa kwa maji ya klori milangoni. Maji ya mikono yalipaswa kuwa na klori 0,05 kwa mia. Ya sakafu na vyombo, 0,5. Nguvu yake hupungua upesi, kwa hiyo hutengenezwa upya kila siku. Basi kila chupa na kila ndoo iandikwe jina, nguvu na tarehe. Chupa isiyo na jina ni kama mgeni asiyetaka kusema atokako.

Tena kipimo chapasa kusadikiwa. Mwaka 1972, katika mji wa Plymouth, Uingereza, wagonjwa watano walikufa baada ya kutiwa mshipani maji ya sukari yenye vijidudu. Chupa zilitoka kiwandani, zilikopashwa moto ndani ya otoklavu, yaani chungu kikubwa cha mvuke. Hewa ilikuwa imebaki ndani yake, na chupa za chini hazikupata moto wa kutosha. Kipimo kimoja cha joto kilionyesha hatari hiyo. Wafanyakazi wakadhani kimeharibika, kwa maana vingine vilionyesha kwamba yote ni sawa. Kilichosema kweli ndicho kilichodharauliwa.

Ninyi wazazi, msimimine dawa ya hospitali katika chupa ya limonadi, wala msibandue karatasi yake. Mkiona imegeuka rangi au haina jina, msiitumie. Irudisheni kwetu, wala hatutakasirika. Nanyi wanafunzi mnaochoshwa na hesabu za desimali, tazameni tena 0,05 na 0,5: sifuri moja ikisahauliwa, maji ya mikono yamekuwa makali mara kumi. Kesho mmoja wenu atashika mizani yetu. Na ajifunze tangu leo kuhesabu mara mbili, kuandika anachokiona, na kungoja saa zote 72, hata kama mlangoni watu wanamhimiza.