Gari la tabo, mvua ya Aprili na kosa la Januari

Najua nimenyamaza muda mrefu, na niliahidi kuendelea na ile habari ya hifadhidata. Hiyo itangoja kidogo. Leo naandika kuhusu gari, lakini msiondoke. Mtaona kwamba mwishoni tunarudi palepale kwenye kazi yetu.

Gari lenyewe ni Subaru Impreza WRX ya mwaka 2003, injini ya lita mbili yenye tabo. Lilishuka bandarini Mombasa mwaka 2010, likiwa bado ndani ya ile miaka minane ambayo sheria ya Kenya inaruhusu kwa magari ya mitumba. Kwa hiyo si changa. Kwa wasiojua, tabo ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa ekzosi, na feni hiyo huzungusha nyingine inayoshindilia hewa ndani ya injini. Hewa ikizidi, petroli nayo huongezwa, na nguvu zinapatikana.

Mwisho wa Aprili 2024, wakati wa ile mvua ambayo hakuna Mkenya ameisahau, nilienda Naivasha kumchukua Mama. Alikuwa afanyiwe upasuaji wa mtoto wa jicho Nairobi siku ya Jumanne, miadi aliyoingoja miezi minne. Tulirudi kwa barabara ya juu, ya Kinungi na Limuru. Mahali fulani tulivuka maji yaliyofika nusu ya magurudumu. Nilienda polepole, gari halikuzima, nami nikajipongeza kimoyomoyo.

Kilomita chache mbele tulikuta lori linapanda kwa taabu. Njia ilikuwa wazi. Nikawasha kiashiria, nikatoka, nikakanyaga mafuta. Tabo ikaanza kuvuta, na papo hapo gari likashikwa na kwikwi. Nguvu zikakatika nikiwa sambamba na lori, na kule mbele nikaona taa za matatu inakuja. Niliachilia mafuta, nikapunguza mwendo, nikarudi nyuma ya lori. Mama hakupiga kelele. Alishika tu mkoba wake kwa mikono miwili akasema, "Mwanangu, hatuna haraka."

Jumanne nilimpeleka kliniki kwa teksi. Upasuaji ulienda vizuri. Lakini baada ya wiki mbili alitakiwa kurudi nyumbani Naivasha, akaniuliza kwa upole, "Na tutarudi na gari lilelile?" Basi nikawa na wiki mbili.

DALILI

Niliziandika zote kwenye karatasi:

1. Kwikwi tabo ikivuta. Nikienda pole bila kukanyaga sana, gari shwari kabisa.
2. Moshi mweupe unatoka kwenye tundu la boneti nikisimama baada ya mvua.
3. Mlio wa kukwaruza asubuhi gari linapoanza kuondoka.
4. Taa ya injini iliwaka siku ile, kisha ikazima yenyewe baadaye.
5. Gari likikaa juani mchana mmoja, kila kitu kinapona.

Orodha nzuri, sivyo? Sasa sikilizeni nilichofanya. Nilienda kwa fundi wangu wa miaka mingi, karatasi ikiwa mfukoni, nikamwambia: "Fundi, tabo imekufa. Haivuti."

Fundi akafungua boneti, akatazama, akaendesha gari kidogo. Siku hiyo kulikuwa na jua na gari likaenda sawa. Akarudi akitikisa kichwa. "Bosi, tabo ikiwa moto halafu ipigwe na maji baridi, inaweza kupasuka. Tukikupatia nyingine ya mtumba pamoja na kazi, ni elfu tisini na tano." Nikamwambia nipe siku chache nitafute pesa. Pesa zenyewe zilikuwepo, lakini zilikuwa za kliniki.

KUFUTA YASIYO HITILAFU

Usiku huo nilitoa karatasi na kujiuliza: kama mteja angeniletea orodha hii kuhusu programu yangu, ningeanza wapi? Ningeanza kwa kufuta vitu ambavyo si hitilafu.

Moshi mweupe ulikuwa mvuke. Gari hili lina tundu juu ya boneti linalopeleka upepo kwenye kipoza hewa cha tabo, kilicholala juu ya injini. Mvua ikinyesha, maji huingia kwa tundu hilo na kudondokea vyuma vya moto. Haunuki mafuta na unaisha baada ya dakika chache. Nikafuta.

Mlio wa kukwaruza ulikuwa kutu. Diski za breki ni chuma kitupu, zikilala na maji usiku mmoja zinaota utando wa kutu, na breki zikikanyagwa mara mbili tatu unatoka. Nikafuta.

Zikabaki dalili tatu, na zote zilikuwa zinasema jambo moja: kuna kitu kinachoharibika kikilowa na kupona kikikauka. Tabo iliyopasuka haiponi kwa jua.

KUIULIZA KOMPYUTA

Hapa ndipo nilipofurahi. Kompyuta ya injini ya gari hili huongea kwa waya mmoja, kwa kasi ya biti 4800 kwa sekunde. Kebo ya bei rahisi ya kuunganisha na laptopu inatosha, na kuna programu huria iitwayo RomRaider inayosoma kila kitu. Salamu ya kwanza unayoituma ni hii, kwa namba za msingi wa kumi na sita:

80 10 F0 01 BF 40

80 ni mwanzo wa ujumbe. 10 ni kompyuta ya injini, F0 ni wewe unayeuliza, 01 ni urefu wa ujumbe, BF ni "wewe ni nani?" na 40 ni hesabu ya kuhakiki. Jumlisha tano za kwanza unapata 576, toa 512, inabaki 64, ambayo ndiyo 40 kwa msingi wa kumi na sita. Ilipojibu nilicheka peke yangu gizani kama mwendawazimu.

Lakini kusoma namba gari likiwa zima hakusaidii. Ilibidi niifanye hitilafu itokee nikiwa tayari. Jumapili asubuhi nilimchukua binamu yangu, akashika laptopu, tukaenda kwenye mlima usio na magari, bila kupita mtu yeyote. Mara tatu tulipanda gari likiwa kavu: hakuna kitu. Kisha nikachukua chupa ya kunyunyizia maua, nikalowesha sehemu moja ya injini kwa wakati, nikapanda tena baada ya kila sehemu. Juu, hakuna. Upande wa kushoto, hakuna. Upande wa kulia, kutokea chini: kwikwi! Nikarudia, kwikwi tena.

Namba zilisema mambo mawili. La kwanza, presha ya hewa ilipanda kama kawaida mpaka pale kwikwi ilipoanza. Kwa hiyo tabo ilikuwa inafanya kazi yake. La pili, kompyuta hii huhesabu mtikisiko wa kila silinda peke yake. Silinda 1, 2 na 4 zilikaa karibu na sifuri. Silinda 3 iliruka.

KWA NINI TABO IKIVUTA TU?

Hili lilinichukua usiku mzima kulielewa, na ndilo tamu kuliko yote.

Cheche ya plagi inaruka pengo dogo kati ya vyuma viwili. Hewa ikiwa nyepesi, inaruka kirahisi. Tabo ikishindilia hewa, lile pengo linajaa hewa nzito, na koili inalazimika kupandisha volti juu zaidi ndipo cheche iruke. Umeme nao ni mvivu kama sisi, unatafuta njia rahisi. Kama mpira wa koili una ufa, na ufa umelowa, umeme unatoroka kwa ufa hadi kwenye chuma cha injini badala ya kuruka pengo. Kwa mwendo wa pole volti ni ndogo na ufa hauonekani. Kanyaga mafuta, volti inapanda, umeme unatoroka, petroli haiwaki. Hiyo ndiyo kwikwi.

Kwa hiyo tabo haikuwa mgonjwa. Ilikuwa shahidi.

Nilibadilishana koili ya silinda 3 na ya silinda 4, nikalowesha tena, nikapanda. Kwikwi ikahamia silinda 4. Hakukuwa na ubishi tena. Nilipoichomoa na kuitazama kwa tochi, mpira wake ulikuwa umechanika karibu na mwisho, na kwenye kauri ya plagi ya silinda 3 kulikuwa na mstari mweusi mwembamba kama wa penseli, njia ambayo umeme ulikuwa ukipita.

NANI ALIANDIKA MSTARI HUU?

Sasa aibu. Mpira huo haukuchanika kwa mvua. Mwezi Januari nilibadilisha plagi mwenyewe, kuokoa pesa. Injini ya Subaru imelala ubavu, silinda mbili kila upande, na plagi zimejificha kandokando ambako mkono hauingii vizuri. Ile koili ya nyuma upande wa kulia iligoma kutoka. Nakumbuka kabisa nilivyoivuta kwa kuipinda, nikasikia "tsk", nikaangalia juu juu, nikasema iko sawa.

Na si hilo tu. Siku hiyohiyo nilimwaga oili, nikafungua plastiki inayokinga injini kwa chini. Vibanio viwili vilivunjika. Nikaiweka stoo nikisema nitairudisha kesho. Ilikuwa bado stoo mwezi wa Mei, imekaliwa na paka. Bila plastiki hiyo, maji ya barabarani yalikuwa yakirushwa moja kwa moja ubavuni mwa injini. Sisi waandishi wa programu tunajua jambo hili. Unaacha maelezo kwenye msimbo, "nitarekebisha baadaye", na miezi mitatu yote ni kiangazi, kila kitu kinaenda. Kisha siku ya kwanza ya mzigo mkubwa mfumo unaanguka, na ukitafuta ni nani aliandika mstari ule mbovu, jina linalotokea ni lako.

Koili mpya, plagi moja na vibanio: shilingi elfu saba na ushei. Nilirudi kwa fundi nikamwonyesha mpira uliochanika. Aliutazama sana, akaniambia kitu ambacho bado kinanikereketa. "Bosi, wewe uliniambia tabo. Ungeniambia gari linashikwa na kwikwi likilowa tu, ningeanza na koili."

Alikuwa sahihi. Karatasi yenye dalili tano ilikuwa mfukoni, nami nikampa jibu badala ya swali. Kila wiki nawalalamikia wateja wanaoandika "seva imekufa" wakati ni nenosiri tu wamekosea, na mimi nilifanya vilevile. Mwambie fundi ulichokiona, ulichokisikia na hali ilivyokuwa. Unachodhani, kiache mwisho.

Neno moja kuhusu maji ya kina, kwa sababu mvua zitarudi. Colin McRae aliposhinda Safari Rally mwaka 1997 akiwa na Impreza, magari ya mashindano yale yalifungwa bomba refu la kuvutia hewa kutoka juu. Lako halina. Linavuta hewa karibu na taa za mbele. Maji hayashindiliki kama hewa. Yakiingia kwenye silinda, vyuma vya ndani vinapinda. Gari likizima ndani ya maji, usilijaribu kuliwasha tena. Lisukumeni.

Mama nilimrudisha Naivasha mvua ikinyesha. Kwenye mlima wa Kinungi tulikuwa tunateremka, kwa hiyo sikuwa na la kuthibitisha. Nilithibitisha nikirudi peke yangu, nikipanda, barabara imelowa. Lilivuta bila kwikwi hata moja. Lakini Mama alikuwa tayari amenipigia simu mara mbili kuuliza nimefika wapi.

Wiki ijayo, hifadhidata. Kweli safari hii.