Rubani wa Heverlee

Nilipokwenda kusoma Leuven, Ubelgiji, nilikuwa na miaka 27 na kiburi cha mtu aliyepewa ufadhili. Chumba changu kilikuwa Heverlee, kusini ya mji, na kila Jumapili, baridi ikiniruhusu, nilitembea kuelekea msituni. Ndivyo nilivyoyakuta makaburi ya vita: mawe meupe yaliyopangwa safu kwa safu kama wanafunzi wakati wa paredi, karibu elfu moja, mengi ya askari wa anga.

Siku ya kwanza nilipita tu. Siku ya pili nikaanza kusoma umri wao: wengi walikuwa wadogo kwangu. Nikafika kwenye jiwe lililochongwa Msalaba wa Victoria, nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani kwa Waingereza. L. T. Manser, 31 Mei 1942, miaka 20. Nikarudi chumbani na hamu ya kumjua.

Leslie Manser alizaliwa New Delhi mwaka 1922. Usiku wa 30 Mei, siku 19 tu baada ya kutimiza miaka 20, aliondoka Skellingthorpe, Uingereza, akiendesha ndege ya mabomu aina ya Manchester yenye watu saba. Manchester haikuwa na sifa njema. Injini zake mbili zilisumbua mno, na mwaka uleule iliondolewa vitani. Usiku huo Waingereza walituma ndege zaidi ya 1,000 kuupiga mji mmoja, Köln. Kulipokucha, mamia ya wakazi walikuwa wamekufa na maelfu hawana pa kulala. Sitaki kuliruka hilo, maana shujaa wa huku ni msiba wa kule.

Manser alikwisha kuangusha mabomu yake ya moto pale mizinga ya ardhini ilipoipata ndege. Mpiga bunduki wa mkiani akajeruhiwa, kisha injini ya kushoto ikawaka. Wangeweza kuruka kwa miavuli mapema, lakini huko chini walikuwa wakingojewa na Wajerumani. Akajaribu kuwafikisha kwao. Moto ukazimika, ila injini ilikuwa imekufa na ndege ikazidi kushuka. Karibu na Bree, Ubelgiji, akawaamuru waruke. Rubani msaidizi, Leslie Baveystock, akamletea mwavuli. Manser akaukataa, akamhimiza atoke: usukani ukiachwa, ndege ingepinduka kabla wenzake hawajatoka. Baveystock aliruka ndege ikiwa chini mno, mwavuli haukuwahi kumfaa. Akaangukia mtaro wa maji, akapona. Manser akaanguka na ndege yake.

Wale sita wote walipona. Mmoja alikamatwa. Watano walifichwa na Wabelgiji, wakapitishwa nyumba hadi nyumba kwenye njia ya siri iliyoanzishwa na Andrée de Jongh, mwanamke kijana wa huko, wakavuka Ufaransa na milima ya Pyrenees hadi Hispania. Ni ushuhuda wao uliomletea Manser nishani yake, Oktoba 1942.

Babu yangu, baharia wa Tanga, hakuwahi kupanda ndege. Kwake rubani alikuwa mtu wa chombo cha baharini: ajuaye miamba na mikondo, asiyebanduka mahali pake mpaka watu waliomo wafike salama. Utotoni nilidhani tulilikosea adabu neno hilo tulipolipandisha angani. Heverlee ilinisahihisha.

Jumapili yangu ya mwisho nilisimama mbele ya jiwe lile nikashindwa na jambo dogo: nimwamkieje? Kwa mwaka wa kuzaliwa, ni rika la babu. Kwa miaka aliyoishi, ni mdogo wangu; yeye ndiye angepaswa kuniamkia mimi. Nikatazama huku na huku nisije nikaonekana mwehu, kisha nikasema, "Shikamoo."