Chupa Mbili za Divai Ufipa

Akina mama wenzetu, anayekwenda Sumbawanga mwezi wa Juni bila sweta atajuta. Mji huu uko kwenye uwanda wa juu wa Ufipa, kiasi cha mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na upepo wa milima ya Mbizi huingia mpaka kwenye mifupa. Tulifika jioni kwa basi la kutoka Tunduma. Barabara siku hizi ni ya lami, na kuanzia Laela tuliona mashamba ya mahindi yaliyokwisha kukauka, maharage yameanikwa uani, na watoto wakirudisha ng'ombe zizini.

Mwenzetu mmoja alikuwa ametualika kwenye jubilei ya miaka 25 ya ndoa yake. Kwa kuwa tulipitia Dodoma, tulimnunulia zawadi ya chupa mbili za divai, moja nyekundu na moja nyeupe. Tulijiona tumefanya jambo la maana sana.

Divai ya Dodoma ina historia inayotuhusu sisi Wakristo. Wamisionari kutoka Italia ndio waliootesha mizabibu katika misheni ya Bihawana miaka ya 1950, na baadaye zabibu zikawa zao la wakulima wa kawaida. Huvunwa mara mbili kwa mwaka. Miaka ya 2000 Mwitalia mwingine alianzisha kiwanda cha divai huko Hombolo. Divai nyekundu hutoka kwenye zabibu nyeusi. Juisi huachwa ichachuke pamoja na maganda, na maganda hayo ndiyo yanayotoa rangi na ule ukakasi ulimini. Ya nyeupe hukamuliwa kwanza, maganda yakatolewa, ndipo juisi ikachachuka peke yake. Kwa hiyo huwa nyepesi, na uchachu wake unakaribia ule wa ndimu.

Huku Ufipa, hata hivyo, waumini wengi huijua divai altareni tu. Kinywaji cha wenyeji tangu zamani ni pombe ya ulezi. Mwenye shamba aliwaita majirani wamsaidie kulima, na kazi ikiisha walikunywa pamoja. Mpaka leo wapo akina mama wanaolipa ada za watoto kwa kupika pombe, na wapo wanaolia usiku kwa sababu ya pombe hiyohiyo.

Sisi hatukuyafikiria hayo mpaka tulipomkabidhi mwenyeji wetu chupa zile jikoni. Alizitazama kimya, kisha akafunga mlango.

"Dada zangu, nawashukuru," alisema. "Lakini baba watoto huu ni mwaka wake wa tatu tangu aache pombe. Nilimwombea miaka kumi na mmoja. Leo niiweke chupa mbele yake kwa mkono wangu mwenyewe?"

Tuliona haya. Tulikuwa tumeuliza nauli, tumeuliza njia, tumeuliza hata rangi ya kitenge cha sherehe, lakini hili hatukuuliza. Tukamwomba azirudishe kwenye mkoba wetu, tuondoke nazo. Akakataa. Alisema nyumba yake iliwahi kuharibika kwa kufichana, hataki kuanza tena. Akaenda kuzungumza na mumewe faraghani. Aliporudi macho yake yalikuwa na machozi, lakini anatabasamu. Mzee alikuwa amesema, "Wageni wafungulie. Mimi unitengee togwa."

Kesho yake, baada ya Misa, meza iliandaliwa. Kulikuwa na samaki aina ya kuhe kutoka Ziwa Tanganyika, kuku wa kienyeji, mbuzi wa kuchoma, maharage na ugali wa ulezi. Divai nyeupe tuliilaza dirishani usiku kucha. Baridi ya Sumbawanga inatosha, huhitaji friji. Ilipatana vizuri na samaki aliyekamuliwa ndimu, na kuku wa mchuzi mwepesi pia. Nyekundu haitaki ubaridi mwingi. Tuliinywa na nyama ya mbuzi, maana ukakasi wake huyakata mafuta, na hata kwa maharage na ugali wa ulezi ilifaa. Usiijaribu kwa dagaa wakavu, utaona kinywani ladha kama ya chuma. Pilipili kali nayo huifanya ichome.

Chupa moja hutoa glasi tano za kiasi. Tuligawana chupa zote mbili watu kumi, kila mmoja glasi moja, polepole, katikati ya chakula na mazungumzo. Binti yao mkubwa, ambaye ni mjamzito, hakuonja kabisa, na alifanya vema, kwa kuwa kileo humfikia mtoto tumboni. Dereva naye alikunywa chai. Baba mwenye nyumba ndiye aliyesali sala ya chakula, akainua kikombe chake cha togwa, na hakuna aliyemtania.

Wapenzi wasomaji, divai hunywewa mezani, pamoja na chakula na watu wa nyumbani, nayo ina kipimo chake. Lakini kuna nyumba ambako kipimo chake ni kutokuwepo, na anayejua hivyo ni mama wa nyumba ile, si mgeni. Kule Kana, Mama Maria ndiye aliyeona kwamba divai imekwisha. Sumbawanga, mama mmoja aliona kwamba divai imefika mahali pasipofaa, naye hakunyamaza wala kuficha.

Basi ukitaka kubeba divai kwenda kwa mtu, muulize kwanza mwenye jiko, tena mkiwa wawili tu. Sisi tumejifunza. Safari ijayo tutabeba sukari na khanga.