Mshazari wa Mbele Unaelekea Wapi?

Kuna majina mawili kwenye Windows yanayonikera kila nikikutana nayo: HS_FDIAGONAL na HS_BDIAGONAL. Ni majina ya michirizi ya kujazia umbo, tuseme nguzo za grafu inayochapwa kwa wino mweusi tu. F ni mbele, B ni nyuma. Haya, niambie: mshazari wa mbele unaelekea wapi?

Anayejua Kiingereza atakimbilia alama ya mkwaju. Hii /, Waingereza huiita mkwaju wa mbele, na \ ni mkwaju wa nyuma. Basi F itachora ////. Kumbe wapi! F huchora \\\\, na B ndiyo ////.

Ukitaka kulitetea jina hilo, unaweza. Kwenye kioo cha kompyuta hesabu huanzia kona ya juu kushoto, na namba za wima huongezeka kwenda chini, si juu kama tulivyofundishwa darasani. Ukizisogeza mbele namba zote mbili kwa pamoja, unateremka kuelekea kulia. Sawa, ila hiyo ni mantiki ya mashine. Jicho la msomaji halikuulizwa.

Nyaraka za Microsoft zenyewe, zikieleza B, husema ni mistari ya nyuzi 45 inayopanda kutoka kushoto kwenda kulia. Hapo napumua. Lakini ukiondoa hayo ya kushoto na kulia, kama wafanyavyo wengi kwenye menyu zao, "kupanda" peke yake hakuna maana. Mtu wa Lushoto anajua barabara ileile ni mpando akirudi nyumbani na mteremko akienda Mombo.

Na si kila jicho huanzia kushoto. Kiswahili chetu kiliandikwa karne nyingi kwa hati ya Kiarabu, kutoka kulia. Aliyezoea kusoma tenzi kwa hati hiyo, / kwake inashuka. Hili ndilo linalonizuia kalamu, maana natafsiri menyu ya programu ndogo ya grafu na lazima michirizi hii ipate jina la Kiswahili. CSS walau hutaja kona: rangi inaelekea juu kulia, basi. Nami nimeandika "kona ya chini kushoto hadi juu kulia". Refu, najua, halienei kwenye kitufe. Mwenzangu anataka "mshazari wa mpando". Nimemwuliza, mpando wa nani? Hadi leo hatujaelewana, na kitufe kina alama / tupu.