Damu ya Ndugu Wawili

Juu ya uwanda wa Dixam, kisiwani Sokotra, ardhi hukatika ghafla kuwa korongo refu la Dirhur. Ng'ambo yake umetanda msitu wa Firmihin, wenye miti mfano wa miavuli iliyofunguka, inayonasa unyevu wa ukungu. Gome likichanjwa, hutoka utomvu mwekundu. Waarabu huuita damu ya ndugu wawili, na hekaya hudai mti huo ulichipuka pale ndugu walipomwagana damu.

Kwangu mimi, mzawa wa Yamumbi, hiyo haikuwa istiari tupu. Mwaka 2008, UNESCO ilipokiingiza kisiwa hicho katika Urithi wa Dunia, kwetu nyumba ziliteketezwa na jirani akamkimbia jirani.

Nilimwuliza mwenyeji wangu kwa nini sioni miche. Akajibu kuwa mbuzi huila. Husalimika ile iliyozungushiwa ua.

Hekaya inakomea kwenye damu. Aghalabu fasihi yetu ya maafa nayo hukomea hapo hapo, nami katika uhakiki wangu nimeisifu kwa hilo. Sasa najiuliza: ni nani atakayeusimulia ua?