Tundu la Milimita Moja

Wasomaji wa ukurasa huu wamezoea kunisoma nikijadili katiba, bajeti na uchaguzi. Leo naomba tujadili kabureta, na sidhani kama tutakuwa tumetoka nje ya siasa.

Mishamo, mkoani Katavi, ilianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1970 iwe makazi ya Warundi waliokimbia mauaji ya 1972. Kwa miongo kadhaa mkazi wake alihitaji kibali ili atoke nje ya makazi. Kuanzia mwaka 2014 wakimbizi hao, zaidi ya 160,000 katika Mishamo, Katumba na Ulyankulu, walikabidhiwa vyeti vya uraia. Haki ya kwenda popote ikawa imeandikwa. Chombo cha kuitumia, kwa walio wengi, ni pikipiki. Hiyo ndiyo hubeba gunia la mahindi, na usiku humbeba mjamzito.

Nilikaa siku nzima kwenye kibanda cha fundi mmoja huko. Kila aliyelalamika kwamba pikipiki yake haina nguvu alifanyiwa jambo lile lile: jeti ilitolewa, ikapitishiwa waya mgumu, ikarudishwa. Waya ule husafisha, lakini pia hukwangua shaba. Tundu la milimita 1 likipanuka kwa milimita 0.05 tu, unene usiozidi unywele, eneo lake huongezeka kwa asilimia 10. Petroli inayopita huongezeka karibu kwa kadiri hiyo.

Sasa tazama jiografia. Eneo lile liko zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa takriban sehemu moja ya kumi. Kabureta hujirekebisha kiasi tu. Kwa hiyo injini iliyopimwa kwa hewa ya pwani tayari inashiba petroli kupita kiasi, kisha waya unaiongezea. Plagi inakuwa nyeusi, moshi mweusi unatoka, nguvu inapungua, na dereva mwenye mkataba wa kurejesha fedha za tajiri kila wiki analipia petroli isiyoungua.

Katika mbio za magari madogo ya kart, fundi anaweza kubadili jeti asubuhi na tena mchana kwa sababu joto limepanda. Huo ni mchezo tu! Anayetafuta ugali kwa pikipiki hapewi hata namba ya jeti yake.

Elimu yenyewe si ngumu. Anza na jeti iliyo ndogo kwa namba moja kuliko ya kiwandani, endesha kilomita kadhaa kwa kasi ya kawaida, zima injini, fungua plagi. Rangi ya kahawia ni sawa. Nyeusi, punguza tena. Nyeupe, rudi nyuma haraka kabla pistoni haijaungua. Tundu lisafishwe kwa petroli na upepo wa pampu, si kwa waya. Somo hili lingeenea katika mafunzo ya siku mbili, na halmashauri zetu huandaa semina ndefu kuliko hizo kwa mambo madogo zaidi.

Fundi alinisikiliza, akauliza jeti zenye namba zinauzwa wapi. Nilipofika Mpanda niliingia maduka matatu ya vipuri. Wote waliniuliza pikipiki ni ya aina gani. Nilipowatajia, kila mmoja alinipa kipakiti kisichoandikwa namba yoyote.