Dhamana: Neno Moja, Mizigo Mbalimbali



Ndugu zangu wasomaji, juma hili napenda tulitazame neno ambalo kila mmoja wetu hulitumia, na kila mmoja hudhani kwamba mwenzake analifahamu vile vile. Neno hilo ni dhamana.

Asili yake ni Kiarabu, na shina lake hubeba maana ya kitu kuwa ndani ya kingine. Shina hilo hilo ndilo lililotupa neno madhumuni, yaani yale yaliyomo ndani ya jambo. Katika fikihi, mwenye kudhamini huingia ndani ya deni la mwenzake: dhima yake huungana na dhima ya mdaiwa. Imamu Bukhari amepokea kisa cha jeneza lililoletwa mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie. Marehemu alikuwa na deni la dinari tatu, wala hakuacha cha kulilipa. Mtume akawaambia masahaba wamsalie wao. Abu Qatada akasema deni hilo li juu yake, na hapo ndipo Mtume aliposali. Kauli ya mtu mmoja ilitosha, kwa kuwa aliyeitoa alijua amejitwika nini.

Sasa tulifuate neno hili mitaani. Mahakamani, dhamana ni njia ya mshtakiwa kuwa nje akisubiri kesi yake. Ibara ya 49 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inampa haki hiyo kwa masharti ya kiasi, isipokuwa pakiwapo sababu nzito za kumnyima. Kinachodhaminiwa hapo si deni, bali ni kufika kwake mbele ya hakimu. Dukani, dhamana ya jokofu ni ahadi kwamba likiharibika kabla ya muda fulani litatengenezwa. Kwa jirani zetu wa Tanzania, waziri mwenye dhamana ya elimu ni yule aliyekabidhiwa wizara hiyo. Katika chama cha akiba na mikopo, mdhamini ni mwanachama ambaye akiba yake yaweza kukatwa endapo mkopaji hatalipa. Na benki ikisema dhamana, mara nyingi haimtaki mtu wala kauli yake. Yataka hati ya ardhi au kadi ya gari.

Maana hizo mbili za mwisho zilikutana nyumbani kwetu Kiamunyi, kitongoji cha Nakuru kilicho kando ya barabara iendayo Kabarak. Mdogo wa mume wangu alitaka kununua mashine ya kusaga unga kwa malipo ya awamu. Akaja jioni moja, akatuambia muuzaji ameomba dhamana tu. Mume wangu, aliyelelewa Pwani ambako mzee akisimama na kusema "huyu namjua" mambo huisha, akamjibu, "Mimi nitakudhamini, mdogo wangu." Walipeana mikono, na sote tukafurahi.

Siku ya tatu karatasi zililetwa. Dhamana iliyoandikwa humo ilikuwa hati ya kiwanja chetu na nyumba tunamolala na watoto. Ilibaki nafasi ya saini yangu.

Nilimwambia, "Shemeji, sikukatalii. Lakini neno ulilotuletea silo lililoandikwa hapa." Naye hakuwa na hila, alilichukua neno kama alivyolisikia. Ilikuwa jioni nzito. Mama mkwe alinyamaza, na kumwambia ndugu wa mumeo "hapana" katika ukoo wetu si jambo jepesi. Hatimaye mume wangu aliirudisha hati sandukuni, akakubali kuwa mdhamini wa awamu sita za mwanzo tu, kwa kiasi kilichotajwa, mbele ya mashahidi wawili. Muuzaji aliridhia. Mashine inasaga mpaka leo, na undugu umebaki.

Saini yangu haikuombwa kwa hisani. Sheria ya Ardhi ya mwaka 2012 inataka ridhaa ya mwenzi kabla ya nyumba ya familia kuwekwa kuwa dhamana ya deni. Mama, ukiletewa karatasi kama hiyo, una haki ya kuisoma na kuuliza.

Wazee wetu walizitenganisha hali hizi kwa maneno. Mali unayowekewa uitunze waliiita amana. Mali inayoshikwa kwa ajili ya deni waliiita rahani, na bibi zetu walijua kuweka bangili zao rahani na kuzikomboa. Ahadi ya mtu kulipa deni la mwenziwe ndiyo iliyokuwa dhamana. Tukimwaga yote matatu katika chungu kimoja, atakayeungua ni yule asiyeuliza.

Basi tukiombwa dhamana, tuulize mambo matatu: kinachoshikwa ni ahadi yangu au mali yangu? Ni kwa kiasi gani? Na mwisho wake ni lini? Kisha tuandike, kama Surat al-Baqara inavyotuelekeza katika aya ya 282 kuhusu madeni. Kusaidiana ni ibada, na kujua unachosaidia ni sehemu ya ibada hiyo.

Mwenyezi Mungu atuwezeshe kutimiza ahadi zetu, na azilinde nyumba zetu. Amin.